Mzee Hakatai Maji, Anakataa Anavyoogeshwa

"Mshikeni wawili, wa tatu amwagie maji. Akishazoea atanyamaza." Ushauri huu familia zenye mzee mwenye dimensia, maradhi ya ubongo yanayofuta kumbukumbu, hupewa kila siku, na wanaoutoa ni watu wema kabisa: shangazi, jirani, wakati mwingine hata muuguzi. Nimechoka kuusikia. Mzee anayenyamaza namna hiyo amekata tamaa tu. Kesho yake mkishika kitasa cha mlango wa bafu anaanza kutetemeka, kwa sababu jina lako na sura yako vinaweza kumtoka, lakini hofu uliyomtia inabaki.

Hebu tazameni anachokiona yeye. Mama hajui tena kuwa wewe ni mwanawe. Anaona mwanamume mzima anamvua kanga. Akikuzaba kofi, amefanya ambalo mwanamke yeyote mwenye heshima zake angelifanya. Baba naye anaweza kusahau nusu ya maisha yake na bado akajua fika kwamba mke wa mwanawe hapaswi kumwona uchi. Halafu tunasema siku hizi amekuwa mkaidi.

Kuna na maumivu. Magoti yamevimba kwa baridi yabisi, bega haliinuki, na maneno ya kusema "hapo panauma" yameshapotea, kwa hiyo anasema "niache" au anang'ata. Ngozi yake ni nyembamba, baridi inamwingia haraka kuliko wewe. Macho nayo yanamdanganya: sakafu iliyolowa inang'aa kama dimbwi, na mkeka mweusi mlangoni unaonekana kama shimo. Umwagie kopo la maji kichwani bila kumwambia, na atapigania roho yake kama mtu anayezama.

Kinachotakiwa kubadilika ni uogeshaji. Chagua saa aliyozoea kuoga tangu zamani. Kama hamuijui, jaribuni saa nne asubuhi jua likiwa limeshapasha nyumba. Jioni achaneni nayo, maana wengi huchanganyikiwa zaidi giza likikaribia. Kama daktari amemruhusu parasetamo kwa ajili ya viungo, mpe nusu saa hadi saa moja kabla. Andaa kila kitu kwanza: kiti cha plastiki chenye mikono, kitambaa kizito kisichoteleza chini ya miguu, taulo mbili kubwa, vitambaa viwili vya rangi tofauti, sabuni, na nguo zilizopangwa kwa mfuatano wa kuvaa. Ukitoka kufuata taulo uliyosahau, unamwacha peke yake akiwa ameloa, na hapo ndipo anaposimama na kuanguka. Kwenye ndoo tangulia kutia maji ya baridi, kisha ongeza ya moto, na upime kwa kiwiko. Kiganja kilichozoea sufuria za jikoni hakiaminiki.

Usimvue nguo zote. Mwekee kanga mabegani na nyingine mapajani, umwogeshe chini yake. Kanga zitaloa, haidhuru. Anza na miguu, sehemu aliyo tayari kukupa. Panda taratibu: miundi, mikono, mgongo, kwapa, chini ya matiti. Sehemu za siri zina kitambaa chake peke yake, na kwa mwanamke unafuta kutoka mbele kwenda nyuma. Uso mpe kitambaa ajifute mwenyewe. Nywele ziwe za mwisho, au za siku nyingine kabisa. Kabla ya kila mguso sema sentensi moja fupi, "Mama, sasa naosha mguu," kisha ngoja. Jibu lake linaweza kuchukua sekunde kumi, na wengi wetu tunakuwa tumeshamvuta mguu kabla ya sekunde ya tatu.

Kwa mzee aliyeswali maisha yake yote kuna mlango mwingine. Mpe birika la udhu mkononi, usimwambie lolote kuhusu kuoga. Mara nyingi mikono inakumbuka yenyewe: viganja, mdomo, pua, uso, mikono hadi viwikoni. Mazoea ya mwili hudumu muda mrefu baada ya majina ya watu kupotea. Akifika miguuni ameshaosha sehemu kubwa kwa heshima yake mwenyewe, na wewe unamalizia zilizobaki.

Akikataa bafu kabisa, aogeshwe kitandani. Loweka taulo katika maji ya moto kiasi yenye sabuni kidogo sana, ikamue vizuri, mfunike nayo na kumsugua taratibu kwa juu, kisha nyingine ya maji matupu, kisha kavu. Kausha kwa kugandamiza, hasa kwenye mikunjo na katikati ya vidole, fangasi hupenda hapo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, uliofanywa katika nyumba za kutunzia wazee, ulionyesha kwamba namna hii ilipunguza sana vurugu za wakati wa kuoga, na wazee walikuwa safi.

Najua wapo watakaosema mtu hana muda wa kanga mbili na sekunde kumi, maji yenyewe ya kununua kwa dumu. Ni kweli, na haja kubwa ikimtoka haiwezi kungoja. Basi osha sehemu hiyo tu umwache apumzike. Kuoga mwili mzima mara mbili au tatu kwa wiki kunamtosha, ilimradi uso, kwapa, sehemu za siri na miguu visafishwe kila siku.

Dawa za kumtuliza ili aogeke, hapana. Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, zile za kutuliza wendawazimu, huongeza vifo kwa wazee wenye dimensia. Na aliyekuwa akioga vizuri juzi, leo ghafla anapiga kelele, apelekwe hospitali: inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, malaria, au choo kilichokwama. Bibi akikutwa alfajiri uani kwa watu bila nguo, msimruhusu yeyote aseme kaanguka na ungo, yaani ni mchawi. Kilifi na Usukumani wazee wameuawa kwa maneno kama hayo.

Nanyi mnaopiga simu kutoka mjini kuuliza kwa nini mama ananuka, tumeni kiti chenye mikono na taulo mbili kubwa. Kisha njooni Jumamosi. Dada yenu akalale, na wewe uliye mtoto wa kiume ukamwogeshe baba, ukianza na miguu.