Elda: tunda la jikoni lililopewa kazi ya daktari

Mwezi wa Septemba, njia za mashambani hapa Uingereza hujaa vishada vyeusi vya elda (elderberry), matunda ya mti wa huku Ulaya. Ni punje ndogo, hazizidi sana pilipili manga, zimening'inia kwenye vikonyo vyekundu. Ukizipukuchua kwa meno ya uma ndani ya bakuli, vidole vinabaki na rangi ileile tuliyokuwa tukirudi nayo nyumbani utotoni baada ya kuokota zambarau. Watu wa huku wanazipikia jemu, wanazivundikia mvinyo, na kabla baridi haijaingia wanachemsha shira ya kuweka akiba.

Shira hiyo ndiyo inayotugombanisha sisi Waswahili wa ughaibuni. Inauzwa hadi kwenye maduka ya dawa, na wako wanaoifungasha begini kuwapelekea wazazi nyumbani. Kuna wanaoapa kwamba ni dawa ya asili ya mafua iliyokwisha kuthibitishwa, na kuna wanaosema ni sumu iliyotiwa sukari. Nimezisikia kauli zote mbili kwenye meza moja ya futari, na kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli mkononi.

Wanaoitetea hawajatunga. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Norway kwa wagonjwa 60 wa homa ya mafua. Waliokunywa shira ya elda walipata nafuu wastani wa siku 4 mapema kuliko waliopewa shira isiyo na tunda hilo. Kwa mtu aliyelala na homa, siku 4 ni nyingi. Lakini watu 60 ni wachache, na utafiti haukuishia hapo. Mwaka 2020 watafiti wa hospitali ya Cleveland Clinic, Marekani, walitoa matokeo yao kwa wagonjwa 87 wa homa hiyohiyo, na hawakuona kwamba elda ilifupisha ugonjwa wala kuupunguzia makali. Anayetaja utafiti wa Norway akaunyamazia wa Marekani anauza, hashauri.

Habari ya sumu nayo ni ya kweli, ila inasimuliwa nusu. Majani, vijiti, mbegu na matunda mabichi ya elda yana kemikali zinazotoa sumu ya sayanidi. Agosti 1983, huko California, watu 25 walikusanyika sehemu ya mbali na mji, wakakamua elda za porini pamoja na majani na vijiti vyake, wakanywa juisi bila kuipika. Waliugua 11, kwa kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu, na 8 kati yao wakabebwa kwa helikopta hadi hospitali. Wote walipona. Walichokosea ni upishi.

Na hapa sisi hatuhitaji kufundishwa mbali. Muhogo mchungu una sumu ya ukoo huohuo, na bibi zetu hawakuutupa. Waliumenya, wakauloweka, wakauanika, ndipo ukasagwa. Palipokuwa na njaa, hatua hizo zikarukwa, ugonjwa wa konzo ukapoozesha miguu ya watu Kongo, Msumbiji na Tanzania. Elda inataka adabu hiyohiyo: vikonyo vitolewe vyote, punje za kijani zitupwe, zilizoiva zichemshwe sawasawa. Anayeisaga mbichi kwenye blenda kwa kuwa "ni ya asili" anajitafutia balaa. Nyumbani pia tuwe waangalifu, maana kwenye misitu ya milimani Afrika Mashariki huota jamaa yake, Sambucus africana. Maelekezo ya kupika elda ya Ulaya yasihamishiwe kwa mmea huo kwa sababu tu wamefanana.

Kwa upande wa chakula, mimi sina ubishi hata kidogo. Maua yake meupe ya mwezi Juni, yakilowekwa kwa siku nzima katika sukari na ndimu, yanatoa sharubati yenye harufu ninayoweza kuilinganisha na vilua tu. Kaskazini mwa Ujerumani matunda yanapikwa supu tamu yenye vipande vya tufaha na vidonge vya semolina, inaliwa ya moto siku za baridi. Denmark wazee waliamini mti huu una mwenyewe, Hyldemoer, na mtu hakati tawi kabla ya kumwomba ruhusa. Aliyekulia karibu na mbuyu wenye vitambaa vyekundu haoni ajabu. Watu waliuheshimu mti huu kwa sababu uliwalisha na uliwapa kitu cha moto cha kunywa kifua kilipobana, na faraja hiyo ni ya kweli hata kama haiui kirusi.

Kwa hiyo dada aliyeniuliza kama ampelekee mama yake chupa mbili Tanga, nilimuuliza kwanza mama ana umri gani na anaumwa nini. Ana miaka 74, ana kisukari. Tukageuza chupa tukasoma nyuma: kitu cha kwanza kilichoandikwa ni sukari. Tukairudisha rafuni, akanunua soksi nzito za sufu, na tukakubaliana kwamba mama akishikwa na homa aende zahanati siku hiyohiyo.