Kumsifia mtu alivyopendeza kwa Kiingereza, mbona hatukufundishwa?

Jamani hili naomba niliseme maana nalisikia kila siku, maofisini Posta, Masaki, mpaka kwenye send-off za huku Sinza. Watu wa Dar kwa Kiswahili tunajua kusifia bwana, umependeza, umetoka bomba, nguo imekukaa, hebu nipe namba ya fundi wako. Sasa mtu huyohuyo mpe mgeni wa Kiingereza, ama ananyamaza kabisa ama anasema kitu mwenzie anabaki kumwangalia. Na sio kwamba hajasoma! Kuanzia form one masomo karibu yote ni Kiingereza, mtu anakueleza mmea unavyojitengenezea chakula mwanzo mwisho, ila kumwambia mtu kapendeza hakuna aliyemfundisha.

Linaloniuma kuliko yote ni "your cloth is nice". Cloth ni kitambaa, kile ambacho bado kipo kwenye jora Kariakoo hakijafika kwa fundi. Nguo ya mtu itaje kwa jina lake, dress, shirt, skirt, na kama hujui uiiteje sema outfit. "I love your dress", basi, inatosha. Wanaume wengi wanaiogopa hiyo love wakidhani itaonekana wanatongoza, hapana, ikielekezwa kwenye nguo au viatu ni sifa ya kawaida tu.

Halafu kuna fit na suit. Kwetu imekukaa inabeba yote, ndo maana tunachanganya. Fit ni saizi, haibani haipwayi. Suit ni pale nguo inapomtoa mtu, rangi inaendana naye, kwahiyo dada kavaa kitenge kimemtoa we sema "that colour really suits you". Na ile like ya "you look like beautiful" itoeni, ni "you look beautiful" moja kwa moja. Smart nayo angalia unaongea na nani, Mwingereza ataelewa umemsifia unadhifu, Mmarekani anaweza kudhani umesifia akili.

Sasa kwenye mwili ndo pagumu. Huku ukikutana na shangazi baada ya muda mrefu akakwambia umenenepa mwanangu, amefurahi, anaona maisha yamekukubali. Ichukue hivyohivyo uipeleke kwenye Kiingereza, "you have become fat", umemuumiza mtu wa watu na siku yake umeiharibu na wewe hujui hata umefanya nini. Wengine wanakimbilia "you've lost weight" wakidhani hiyo ndo salama, wakati hujui kapungua kwa mazoezi au kwa ugonjwa au kwa mawazo. Mimi nasema mwili wa mtu uache. Sifia alichokichagua mwenyewe, mshono, viatu, nywele alizokaa saluni masaa anasukwa, maana hapo unasifia jicho lake na jitihada zake, na "I like your hair" haijawahi kumuudhi mtu. Kazini ndo usiseme kabisa, kaka anamwambia mfanyakazi mwenzie "you look sexy" kisa amelisikia hilo neno kwenye nyimbo, dada wa watu anabaki hana raha mchana kutwa. "You look great today" ingetosha kabisa, ukaendelea na kazi zako.

Na ukisifiwa wewe pokea. Tumelelewa kujishusha, ukiambiwa umependeza unajibu aah kawaida tu, hii ya zamani hii, ya mtumba. Kwetu inaeleweka ni adabu, ila anayekusifia kwa Kiingereza anaweza kuona umeikataa sifa yake. Sema "thank you". Ukitaka kuongeza ongeza "I got it at Karume", lile soko la mitumba, hapo stori zinaanza zenyewe na ukute anataka umpeleke Jumamosi.