Dalali wa bima, wafanyakazi wa mteja wako unawajua?

Kwa miaka sita nilihudumia bima ya magari na majengo ya kampuni moja ya usafirishaji. Malori yao niliyajua kwa namba za usajili. Siku moja mhasibu wao alinipigia kuhusu lori lililogongwa, na katika maongezi akataja kwamba wametoka kusaini bima ya afya ya wafanyakazi kupitia dalali mwingine. Wafanyakazi zaidi ya mia moja. Nilikuwa naingia ofisini kwao karibu kila mwezi, nawapita watu hao mlangoni, nawasalimia, na sikuwahi kuuliza wakiugua nani anawalipia. Yule dalali hakuninyang'anya kitu. Aliuliza tu.

Tangu siku hiyo naamini kwamba dalali anayetafuta kukuza biashara yake aanze na orodha ya wateja alionao tayari, na katika orodha hiyo aanze na mafao ya wafanyakazi: bima ya afya ya kikundi, bima ya maisha ya kikundi, kinga ya mshahara kwa anayepata ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, gharama za mazishi, pensheni. Biashara hii ina tabia ambayo bima ya gari haina. Kinga ya maisha ya kikundi kwa kawaida hupimwa kwa mshahara, tuseme mara mbili au mara tatu ya mshahara wa mwaka. Mteja akiajiri, ada ya bima inaongezeka. Akipandisha mishahara, inaongezeka tena. Unakua pamoja naye hata kabla hujapata mteja mwingine.

Ila wengi wetu tunaiharibu tangu siku ya kwanza. Tunaenda kwa mkurugenzi na jedwali la bei za kampuni tatu za bima, naye anachagua ya chini. Mwaka unaofuata anakuja mwenye jedwali la chini zaidi, nasi tunalia kwamba wateja hawana uaminifu. Wataupata wapi, ikiwa tulichowapa ni bei tu?

Mwaka 1929, huko Dallas, Marekani, Justin Ford Kimball alikuwa kiongozi katika Chuo Kikuu cha Baylor, chenye hospitali iliyosumbuliwa na madeni ya wagonjwa. Alipopitia madeni hayo aliona majina ya walimu. Aliwafahamu, kwa sababu aliwahi kusimamia shule za mji huo, na alikuwa na kumbukumbu za mfuko wa walimu wa kusaidiana wakati wa ugonjwa. Kwa kumbukumbu hizo alikokotoa mpango: walimu wachangie kidogo kila mwezi, na anayelazwa ahudumiwe hadi siku 21. Mpango huo ndio uliokuja kuzaa Blue Cross, mtandao mkubwa wa bima ya afya wa Marekani. Mimi huvutiwa na mpangilio wa kazi yake. Alianza na watu na taabu yao, bei ikafuata.

Kuwajua watu ndiko kunakoonyesha mashimo ya mkataba. Chukua bima ya maisha ya kikundi. Kampuni ya bima hukubali kundi zima bila kumpima kila mtu kwa sababu watu hao wamekutanishwa na ajira. Hawakukusanyika ili wakate bima. Ukiruhusu kila mmoja aingie anapotaka, wataingia kwanza wanaojijua wagonjwa, madai yatapanda, wazima watajitoa, na mpango utakufa. Mwajiri akitaka hiari kwenye kundi dogo ili abane matumizi, mweleze hivyo bila kuzunguka, hata kama utaikosa biashara hiyo.

Halafu kuna kiwango cha kinga bila vipimo, yaani kiasi cha juu ambacho kampuni ya bima inakubali kumkinga mtu bila kumpima afya. Anayezidi kiwango hicho, mara nyingi mameneja wenye mishahara mikubwa, sharti ajaze fomu ya afya na pengine aonwe na daktari. Asipofanya hivyo, kinga yake inaishia pale pale kwenye kiwango. Nimekuta mameneja walioamini kwa miaka kwamba familia zao zingelipwa kamili. Hakuna aliyewaambia. Barua ilitumwa kwa mwajiri, ikawekwa kwenye faili, basi. Hilo linanikera kuliko jambo lolote katika kazi hii, kwa sababu simu moja ya dalali ingetosha. Ni vivyo hivyo kwa aliyeajiriwa jina lake likachelewa kuingizwa kwenye orodha, au aliyeoa na fomu yake bado inamtaja mnufaika wa zamani.

Wakati wa kuhuisha mkataba ndipo mwajiri anapojua kama ana dalali au ana mpeleka barua. Omba taarifa ya madai miezi mitatu kabla, si wiki mbili. Madai yakiwa asilimia 80 ya ada iliyolipwa, kampuni ya bima itataka kupandisha. Isome taarifa hiyo. Kama nusu ya madai ni ya mtoto mmoja aliyezaliwa kabla ya siku zake na sasa ni mzima, una hoja nzito ya kupinga. Kama ni watu wengi wenye shinikizo la damu wanaonunua dawa kila mwezi, usimdanganye mteja kwamba ni bahati mbaya ya mwaka mmoja. Zungumzeni vipimo vya mapema. Na majina ya wagonjwa yasimfikie mwajiri kamwe. Mfanyakazi akishuku tu kwamba bosi anajua anatibiwa nini, umeshampoteza.

Kuhusu kamisheni nitasema wazi: ada ya bima ikipanda, nasi tunapata zaidi. Mwajiri makini ameshalifikiria hilo. Mwambie unacholipwa kabla hajauliza, na kwa kundi kubwa pendekeza malipo ya huduma yasiyotegemea ukubwa wa ada. Kampuni ndogo, za watu kumi au kumi na watano, zina faida ndogo kwa kila mkataba lakini hazina mtu wa kuzishauri, na zinakua.

Siku hizi, kabla ya kupeleka bei yoyote, naomba saa moja na wafanyakazi wenyewe, wa zamu ya usiku wakiwemo. Katika kikao kimoja dereva aliuliza kama mtoto anayemlea, wa marehemu dada yake, anaingia kwenye bima ya afya. Mkataba uliokuwepo ulitaja watoto wa kuzaa na wa kuasili kisheria tu. Niliandika swali lake, nikaligeuza sharti katika maombi ya bei niliyotuma kwa kampuni zote za bima. Mbili zilikubali. Mkurugenzi alichagua mojawapo, na haikuwa ya bei ya chini.