Emuleta au simu ya mteja: programu ipimwe wapi?

Watengenezaji wa programu za simu wana ubishi usioisha. Je, programu ipimwe kwenye emuleta, yaani simu ya kuigiza inayofunguka ndani ya kompyuta, au ipimwe kwenye simu yenyewe iliyo mkononi? Anayetetea emuleta anasema kazi inakwenda haraka na matoleo yote ya Android yako sehemu moja. Anayetetea simu anasema mteja hatumii kompyuta. Jibu la kwenye mafunzo ni kwamba utumie vyote viwili, na ni jibu sahihi. Lakini halimsaidii kijana wa Mbeya au Kisumu mwenye laptopu moja, bando la kuhesabu na tarehe ya kukabidhi kazi iliyokwisha kukaribia. Huyo lazima aamue aanze na kipi, na muda ukimwishia aache kipi. Mimi nasema muda ukimwishia, aache emuleta. Hata hivyo emuleta inastahili kutendewa haki kwanza, maana wengi wanaoisema vibaya hawajatumia hata nusu ya uwezo wake.

Emuleta inayokuja na Android Studio, zana ya Google ya kutengenezea programu za Android, unaweza kuiwekea Android 8 asubuhi na Android 15 mchana bila kununua chochote. Unaweza kuipigia simu, kuitumia SMS, kuiambia kwamba iko Mwanza wakati wewe umekaa Dar es Salaam, kuishusha chaji hadi asilimia tano, na kuipunguzia kasi ya mtandao mpaka isuesue kama iko kwenye mtandao wa zamani wa EDGE. Ukimaliza unairudisha ilivyokuwa, safi, kana kwamba haijaguswa. Usafi huo ndio unaoyapa nguvu majaribio yanayojiendesha yenyewe. Ukishaandika majaribio kwa zana kama Espresso ya Google, au Appium inayofanya kazi kwenye Android na iPhone, seva itayaendesha yote kila mara mwenzako anapobadilisha mstari mmoja, hata saa nane za usiku, bila mtu kugusa skrini. Jaribio lililofaulu jana likikwama leo, unajua kabisa kwamba kilichobadilika ni programu.

Simu halisi haikupi uhakika huo. Waya wa USB unalegea. Simu inapata joto na kupunguza kasi. Arifa ya WhatsApp inashuka na kufunika kitufe ambacho jaribio lilikuwa linakwenda kukibonyeza, na sasa mnabaki kubishana kama kosa ni la programu au la simu. Timu yenye watu kadhaa wanaogusa programu moja haiwezi kwenda mbali bila emuleta, na anayewaambia waachane nayo anawarudisha nyuma.

Sasa tuitazame simu. Chukua Android ya bei nafuu yenye RAM ya GB 2, aina ambayo wauza duka, bodaboda na wanafunzi wengi wanayo. Mteja anafungua programu ya mkopo au ya bima, anajaza fomu: jina, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, kiasi anachotaka. Anafika mahali anapoambiwa aingize namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa SMS. Anatoka kwenda kusoma SMS. Njiani anakuta ujumbe wa WhatsApp, anaujibu kwa sauti, halafu anarudi. Anakuta fomu tupu.

Kilichotokea ni kwamba simu iliishiwa kumbukumbu, mfumo ukaiua programu iliyokuwa nyuma ili kuipa nafasi ile iliyo mbele. Android imeundwa hivyo tangu mwanzo, na ni kazi ya mtengenezaji kuhifadhi kilichojazwa. Wengi wanaamini wamekwisha kulimaliza tatizo hili kwa sababu wametumia ViewModel, sehemu ya programu inayoshikilia data ya ukurasa. Kweli ViewModel huhifadhi data mtu anapogeuza simu ikalala ubavu, lakini mfumo unapoua programu nzima, na ViewModel inakufa nayo. Kwenye emuleta uliyoipa RAM ya GB 4, isiyo na WhatsApp wala Facebook wala picha elfu mbili za harusi, fomu hiyo haitafutika hata ukishinda nayo siku nzima. Kwenye simu ya mteja itafutika siku ya kwanza, naye hatakupigia kulalamika. Atafuta programu.

Mtetezi wa emuleta hapa ana jibu, tena zuri. Atakwambia kwamba kwenye mipangilio ya wasanidi kuna chaguo la kuufanya mfumo uondoe kila ukurasa mara tu mtumiaji anapoutoka, na kuna amri ya adb, zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta, ya kuua programu iliyo nyuma. Ukivitumia, kosa la fomu tupu linaonekana kwenye emuleta yoyote, tena kila unapotaka, badala ya kusubiri simu ichoke. Hilo ni kweli, na ningependa kila anayefundisha Android afundishe amri hiyo wiki ya kwanza. Ila ukiangalia vizuri, jibu hilo linamfaa mtu ambaye tayari anajua kwamba tatizo lipo. Emuleta inajibu swali uliloliuliza. Ambaye hajawahi kuona fomu ikifutika hatajua kwamba kuna la kuuliza.

Tena kuna mambo ambayo emuleta haiwezi kuyaigiza hata ukiyajua. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja ya Kichina, Transsion, ambayo simu zake zimeenea mno Afrika. Tecno inakuja na HiOS juu ya Android, Infinix na XOS. Mifumo hii, kama ilivyo ya watengenezaji wengine kadhaa wa China, ni mikali kuliko Android ya kawaida katika kuzima programu zilizo nyuma ili betri idumu. Emuleta ya Google inabeba Android ya Google. Kwa hiyo programu ya kumkumbusha mgonjwa dawa saa mbili usiku itapiga kengele kila siku kwenye kompyuta yako, halafu ikafika kwenye simu ya mgonjwa ikanyamaza, kwa kuwa mfumo umeizima tangu jioni. Hakuna amri ya adb itakayokuonyesha hilo ikiwa simu yenyewe huna.

Lingine ni prosesa. Kwenye kompyuta nyingi za Windows emuleta inaendesha Android iliyojengwa kwa prosesa za Intel na AMD, wakati karibu simu zote zina prosesa za ARM. Programu iliyoandikwa kwa lugha za Kotlin au Java tupu haijali tofauti hiyo. Lakini ukiongeza maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, ya kusoma vitambulisho kwa kamera, au ya kubana video, mara nyingi ndani yake kuna mafaili ya asili yanayojengwa kivyake kwa kila aina ya prosesa. Tangu Agosti 2019 Google Play inadai kila programu yenye mafaili ya namna hiyo iwe na toleo la biti 64, la prosesa na mifumo mipya, na wapo waliotii kwa kuongeza la 64 na kuliondoa la 32, la mifumo ya zamani, ili kifurushi kiwe chepesi. Simu nyingi za bei ya chini kabisa, hasa zile za Android Go, toleo jepesi la Android kwa simu zenye kumbukumbu ndogo, zinaendesha mfumo wa biti 32. Kwa wenye simu hizo programu haionekani kabisa dukani, au wakiipata kwa njia nyingine inakataa kusakinishwa. Emuleta ilisema iko sawa, na haikudanganya, kwa sababu kwenye prosesa iliyopewa kweli ilikuwa sawa.

Kwenye suala la kasi naona ubishi umekwisha, na waliouamua ni watengenezaji wa zana wenyewe. Flutter, zana ya Google inayokuwezesha kuandika programu moja kwa Android na iPhone, ina hali maalumu ya kupima kasi, na hali hiyo imezuiwa isifanye kazi kwenye emuleta. Sababu yao ni kwamba mwenendo wa emuleta hauwakilishi kasi ya simu. Simuleta ya Apple nayo inatumia prosesa na kumbukumbu za Mac, mashine yenye nguvu kuliko simu nyingi zitakazobeba programu hiyo. Ukisema orodha yako inateleza vizuri kwa sababu umeiona ikiteleza kwenye Mac, umeisifu Mac.

Kuna hoja ya gharama ambayo naona mafunzo ya mtandaoni yanaikosa, kwa kuwa mengi yameandikwa kwa mazingira mengine. Huko wanahesabu kwamba simu ni ghali na emuleta ni ya bure. Huku kwetu hesabu inageuka. Mahitaji ya Android Studio kwa matoleo ya karibuni ni RAM ya GB 8 kwa anayetumia studio peke yake, na GB 16 kwa anayewasha emuleta pamoja nayo. Laptopu ya mtumba ambayo vijana wengi wanaanzia nayo ina GB 4 au 8. Akiwasha emuleta juu ya Android Studio na Gradle, zana inayojenga programu, mashine inaganda na feni inalia. Kuipakua simu moja tu ya kuigiza kunakula zaidi ya GB 1 ya bando. Wakati huohuo simu iko mfukoni mwake, na waya wa chaji ndio huohuo wa kuiunganisha na kompyuta. Simu ikiwa na Android 11 au zaidi, hata waya hauhitajiki, ataiunganisha kwa Wi-Fi. Kwake yeye, zana ya anasa ni emuleta.

Kuna njia ya tatu ambayo hutajwa kama suluhisho la wote: simu za kukodi kwenye wingu. Firebase Test Lab ya Google, AWS Device Farm ya Amazon na BrowserStack, iliyoanzia India, zote zinakupa simu halisi zilizopangwa kwenye vituo vyao, nawe unazipima kwa mbali. Test Lab ina hata roboti inayobonyeza kila kitu kwenye programu yako na kukuletea video na ripoti ya mahali ilipokwama, na kuna kiwango kidogo cha majaribio kwa siku bila malipo. Kiwango hicho kinatosha mtu mmoja, na nashangaa ni wachache kiasi gani wanaokitumia. Ukitaka zaidi ya hapo, bili inakuja kwa dola. Tena simu hizo huishi maisha mazuri kupita kiasi: ziko kwenye chaji na mtandao imara, na husafishwa kabla ya kupewa mtu mwingine. Kwa kawaida hazina laini ya Vodacom au Airtel, kwa hiyo ombi la kuingiza namba ya siri ya malipo halifiki. Ukitaka kujua programu inafanyaje pale ombi hilo linapochelewa, mteja akaona kimya na kubonyeza "Lipa" mara ya pili, unahitaji laini halisi na pesa halisi, hata kama ni shilingi mia tano.

Google yenyewe imesukuma mambo upande wa watu na simu zao. Akaunti binafsi za wasanidi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 hazikuruhusiwa kuchapisha programu kwenye Play mpaka ijaribiwe na watu 20 kwa siku 14 mfululizo. Desemba 2024 idadi ikashushwa hadi watu 12. Wengi waliichukia kanuni hii, na malalamiko yao yana uzito. Kampuni haibanwi, anayebanwa ni mtu mmoja asiye na ofisi wala jina. Pia kanuni inahesabu watu wanaojiunga, haiangalii wana simu gani, ndiyo maana yakazuka makundi ya kujaribiana, nijaribie yangu nami nikujaribie yako, ambamo programu inakaa siku 14 kwenye simu za watu wasioifungua.

Pamoja na hayo mimi naiunga mkono, kwa sababu anayeitimiza kwa moyo anapata kitu ambacho hakuna maabara inayokiuza. Watu 12 wa mtaa mmoja wa Ilala au Githurai wana aina saba au nane za simu, zenye nafasi iliyojaa, maandishi yaliyokuzwa kwa ajili ya macho ya mzazi, kioo kilichopasuka kwenye kona ambapo uliweka kitufe cha kurudi. Kinachotakiwa ni kuwachagua kwa simu zao kabla ya urafiki wao, na kuwapa kazi ya kufanya: jisajili, lipa, zima data katikati, rudi kesho.

Vituo vya ubunifu na vyuo vinavyofundisha fani hii vingeweza kurahisisha mambo kwa gharama ndogo. Badala ya kuongeza kompyuta nyingine mbili ili emuleta ifunguke, vinunue simu sita zilizotumika na kuziweka mahali ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuziazima kwa saa moja. Moja iwe ya Android Go yenye RAM ya GB 1 au 2, moja ya HiOS, moja ya XOS, moja ya Xiaomi, moja ya Samsung ya zamani iliyokwama kwenye Android 9 au 10, na moja iwe na laini inayofanya kazi na salio kidogo la pesa za simu. Na zisisafishwe kila mara. Ziachwe na WhatsApp, picha na video, mpaka zianze kuonyesha lile onyo kwamba nafasi inakaribia kujaa.