Usiniulize mimi ni nani, angalia nimepewa ufunguo gani

Mwaka jana nilimpa roboti wa majaribio, yaani programu inayojiendesha yenyewe, tokeni yangu, ule msimbo wa siri unaoingia mfumoni kwa niaba yangu. Kazi yake ilikuwa ndogo: asome tawi jipya la msimbo, yaani nakala ya programu ambayo mtu anaifanyia kazi pembeni, aendeshe majaribio, aandike kama limefaulu au limeshindwa. Bahati mbaya tokeni haikuijua kazi hiyo, ilijua jina langu tu. Siku skripti ya usafi, ile orodha ya amri anayoiendesha kufuta vya zamani, ilipokosewa herufi moja, roboti alifyeka matawi ya wenzangu watatu, na kumbukumbu za mfumo zikasema aliyefuta ni mimi.

Wenzangu walinisamehe. Kinyongo nilichobaki nacho ni kwa mpangilio wenyewe. Zana nyingi za kuandika programu kwa pamoja hulinda mlango kwa orodha ya majina: huyu aandike, yule asome tu. Ukishaingia, kila unachokiendesha kinavaa sura yako. Hata maktaba, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, uliyoipakua jana usiku bila kuisoma nayo ni wewe.

Njia nyingine ilielezwa na wanasayansi wa kompyuta Jack Dennis na Earl Van Horn tangu 1966. Waliiita uwezo, mimi naona neno ufunguo linaeleweka upesi zaidi. Ufunguo wa namna hii unataja kitu na papo hapo unakuruhusu kukigusa. Huna ufunguo, huna hata pa kuanzia kuomba. Ukiwa nao, hakuna anayekuuliza jina.

Kisa kinachonisadikisha ni cha mtaalamu wa kompyuta Norm Hardy, alichokiandika mwaka 1988. Kompaila fulani, programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, iliruhusiwa kuandika katika saraka (folda) ya mfumo ili itunze takwimu zake. Katika saraka hiyohiyo kulikuwa na faili la ankara za wateja. Mtumiaji mmoja, alipoulizwa taarifa za kutafutia makosa ya programu yake ziwekwe wapi, akataja jina la faili lile la ankara. Kompaila ikatii, ankara zikafutika. Hakuna aliyevunja kufuli. Kompaila ilikuwa inatumikia mabwana wawili na haikujua ruhusa ipi ni ya nani. Kama mtumiaji angelazimika kukabidhi ufunguo wa faili badala ya kutamka jina lake, asingekuwa na cha kukabidhi.

Mwaka 2018 yakatokea mengine. Mtunzaji wa event-stream, maktaba ya msimbo inayotumiwa na programu nyingi, alimwachia kazi mtu aliyejitolea kusaidia, naye akaingiza kipande kilicholenga kuiba bitcoin kwenye Copay, programu ya pochi ya kutunzia sarafu hiyo ya kidijitali. Maktaba ya kupitisha data ilihitaji nini na siri za pochi? Hakuna, ila ilipoingia ndani ya programu ilikuta kila kitu wazi.

Wapinzani husema: ufunguo ukishatoka mkononi, utaurudishaje? Hoja nzuri, na jibu lake ni la zamani. Usitoe ufunguo halisi. Weka kati mlinzi mdogo, programu inayopitisha maombi, na siku ukitaka, mwondoe. Swali la kumbukumbu za nani alifanya nini linanisumbua zaidi, maana ufunguo haubebi jina. Dawa ni kumpa kila mtu ufunguo wake, ili ujue ni upi uliotumika. Ndiyo, ni kazi ya ziada. Na kile kiungo cha kushiriki waraka, ambacho yeyote akikipata anahariri, ni binamu mkorofi wa wazo hili: maneno yanayonakilika hovyo, mara nyingi bila mwisho.

Mtaalamu wa kompyuta Mark Miller na wenzake walionyesha kwa lugha ya programu iitwayo E, mwaka 1997, kwamba funguo hizi zinaweza kuvuka mtandao kutoka mashine hadi mashine. Leo programu inayoendeshwa kwa WASI, kanuni za jinsi programu inavyozungumza na mfumo wa kompyuta, haioni saraka yoyote usiyoikabidhi. Kwa hiyo tusiseme ni ndoto za wasomi.

Roboti wangu sasa ana funguo mbili. Moja husoma tawi moja, nyingine huandika tokeo moja, na zote hufa majaribio yakiisha. Skripti yenye herufi iliyokosewa bado ipo, sijaisahihisha makusudi. Kila usiku hujaribu kufuta, hukataliwa, nami asubuhi nausoma ule mstari wa kukataliwa nikinywa chai.