Kinachobana gereji ni programu, si waranti

Makala yenu yameeleza vyema kilio cha gereji ndogo za Kisumu na Nakuru, kwamba zinabanwa katika kutengeneza magari, ila yamekazia mno waranti (dhamana ya mtengenezaji wa gari). Magari mengi hapa Kenya huingia yakiwa yametumika Japani, umri hadi miaka 8. Waranti ilikwisha huko huko.

Chukua injekta, vifaa vinavyopulizia mafuta kwenye silinda, za injini za dizeli za komoni reli (ambazo injekta zote hupata mafuta kutoka bomba moja lenye shinikizo kubwa). Nyingi zina msimbo wake, umeandikwa kichwani. Ukibadilisha hata moja, nakili msimbo kabla ya kuifunga (ikishafunikwa, kuusoma ni kufungua upya), chomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari kwenye soketi iliyo chini ya usukani, kisha uuingize kwenye kompyuta ya injini, mahali pa silinda hiyo. Usipofanya hivyo, kompyuta inaendelea kupima mafuta kwa hesabu ya injekta ya zamani: injini hutetemeka gari likiwa limesimama, hugonga, wakati mwingine hutoa moshi. Mashine nyingi za bei rahisi husoma hitilafu na kuzifuta tu, haziwezi kuandika msimbo. Mteja anamlaumu fundi, na spea ni nzima kabisa!

Sheria ya Ushindani ya 2010 ipo. Gereji ziiombe Mamlaka ya Ushindani jambo hili mahususi: haki ya kuandika misimbo hiyo kwa ada iliyotangazwa, inayolipwa kwa kila gari. Leseni ya mwaka mzima ya programu ya kuandika misimbo hailipiki na gereji ndogo ya Kibuye, Kisumu.