Kocha, chanjo na dhamiri: nani apime imani, nani apime mzigo?

Jumamosi ya tarehe 16 Oktoba 2021, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington iliifunga Stanford 34 kwa 31, ushindi wake wa tatu mfululizo. Jumatatu iliyofuata kocha mkuu, Nick Rolovich, alifukuzwa kazi pamoja na makocha wasaidizi wanne. Matokeo ya uwanjani hayakuhusika. Walikuwa hawajachanjwa dhidi ya UVIKO-19, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa watumishi wa umma wa jimbo hilo kuwa wamekamilisha chanjo.

Chuo hicho kiko Pullman, mji mdogo mashariki mwa jimbo la Washington. Wapenzi wa riadha wa Afrika Mashariki wanaufahamu kwa jambo jingine kabisa: ndiko alikosoma Henry Rono alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, na kabla yake Samson Kimobwa. Vijana wa Kenya bado wanakwenda vyuo vya Marekani kwa ufadhili wa riadha, kwa hiyo swali la nani anaweza kukataa chanjo kwa sababu ya dini, na kwa utaratibu gani, linawagusa hata wao, ingawa sheria inayomlinda mwanafunzi si ileile inayomlinda kocha. Tutalirudia hilo.

Rolovich alitangaza Julai 2021 kwamba hatachanjwa, na kwamba sababu zake ni za binafsi. Dini hakuitaja. Tarehe 9 Agosti Gavana Jay Inslee akatoa amri ya chanjo kwa watumishi wa serikali na wa afya, na tarehe 18 Agosti akaipanua iwaguse watu wa elimu, vyuo vikuu vikiwemo. Amri haikumpa mtumishi hiari ya kupimwa kila wiki badala ya kuchanjwa. Ilikuwa na milango miwili tu ya kutokea: afya na dini.

Kalenda nayo ilibana. Kukamilisha chanjo kulimaanisha siku 14 ziwe zimepita tangu dozi ya mwisho, kwa hiyo sindano ya mwisho ilipaswa kuchomwa isizidi tarehe 4 Oktoba. Aliyetaka Pfizer, yenye siku 21 kati ya dozi na dozi, alihitaji kuanza kufikia 13 Septemba. Wa Moderna, yenye siku 28, kufikia 6 Septemba. Johnson & Johnson, ya sindano moja, ndiyo pekee iliyoruhusu kungoja hadi 4 Oktoba. Sasa chukua mtu anayepeleka ombi la msamaha kwa nia njema, akasubiri jibu, likaja katikati ya Oktoba kwamba limekataliwa. Huyo hana pa kurudi, maana muda wa kutii umeshapita alipokuwa kwenye foleni. Kasoro hii haizungumzwi sana, nasi tunaiona kuwa kosa la msingi la upangaji: tarehe ya mwisho ya kujibu maombi ilipaswa kutangulia tarehe ya dozi ya kwanza.

Msingi wa kisheria ni Sehemu ya VII ya Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1972. Inamtaka mwajiri amtafutie mfanyakazi mwenye imani ya dini utaratibu unaomwezesha kuendelea na kazi, isipokuwa kama kufanya hivyo kutamletea mwajiri mzigo uliopita kiasi. Maswali ni mawili basi. Je, pingamizi ni la dini, na ni la dhati? Kama ndiyo, je, mzigo kwa mwajiri ni mkubwa kiasi gani? Chuo kilifuata mpangilio huohuo. Kwanza kamati ilisoma maombi yakiwa yamefichwa majina, kisha idara ya mwombaji ikaangalia kama anaweza kufanya kazi yake salama bila chanjo. Rolovich, ambaye ni Mkatoliki na baadaye aliomba msamaha wa dini, alikwama ombi lake lilipofika idara ya michezo. Idara haikuishia kusema kwamba hawezi kupangiwa utaratibu mwingine. Ilihoji pia ukweli wa imani yake.

Tuanze na imani, kwa kuwa ndipo mjadala unapochafuka. Wanaompinga husema haraka: Vatikani yenyewe imeruhusu chanjo. Ni kweli. Tamko la Idara ya Mafundisho ya Imani la tarehe 21 Desemba 2020 lilisema inakubalika kimaadili kupokea chanjo za UVIKO hata kama seli zilizotokana na vijusi vilivyotolewa mimba miongo kadhaa nyuma zilitumika katika utafiti au utengenezaji. Hapa kuna tofauti ambayo waombaji wengi waliichanganya. Johnson & Johnson ilizalishwa ndani ya seli za aina hiyo, PER.C6, wakati Pfizer na Moderna zilitumia HEK293, seli nyingine za asili hiyo, katika majaribio tu, si katika uzalishaji. Lakini tamko hilohilo lilisema pia kwamba kuchanjwa, kwa kawaida, si wajibu wa kimaadili na hivyo kunapaswa kuwa kwa hiari, na kwamba anayekataa kwa dhamiri ajitahidi kwa njia nyingine asiwaambukize wengine. Mkatoliki anayekataa hatoki nje ya kanisa lake.

Na hata angetoka, sheria ya Marekani isingemhukumu kwa hilo. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ilisikiliza kesi ya Thomas, Shahidi wa Yehova aliyeacha kazi kiwandani baada ya kuhamishiwa kitengo cha kutengeneza sehemu za vifaru vya kivita. Mwenzake wa dini hiyohiyo hakuona tatizo na kazi hiyo. Mahakama ikasema si kazi yake kuamua ni yupi kati yao anayeielewa vizuri dini yao. Kwa hiyo hoja ya "Papa karuhusu" ni nzito kanisani, na nyepesi mahakamani.

Upande wa pili una hoja yenye uzito kuliko hiyo. Kama neno "dini" likitajwa linafungua mlango bila kuulizwa lolote, sharti la chanjo linageuka ombi tu. Tume ya Marekani ya fursa sawa kazini inaelekeza mwajiri aanze kwa kuamini, lakini aruhusiwe kuhoji akiwa na sababu ya wazi: mwenendo wa mtu usiolingana na anachodai, muda wa ombi unaotia shaka, au dalili kwamba sababu halisi ni ya kisiasa au ni hofu ya madhara ya dawa. Mtu anaweza kuwa na hofu ya kiafya na pingamizi la dini kwa pamoja, na la dini bado likalindwa. Hofu peke yake hailindwi.

Hicho ndicho kilichomwangusha kocha. Mapema Januari 2025, katika kesi aliyoifungua Rolovich baada ya kufukuzwa, Jaji Thomas Rice wa mahakama ya shirikisho alikipa chuo ushindi bila kesi kufika mbele ya juri, yaani kundi la wananchi wanaosikiliza ushahidi na kuamua. Aliandika kwamba katika maelfu ya kurasa za barua pepe na ujumbe wa simu zilizokusanywa, Rolovich hakuonekana akitaja pingamizi la dini, huku akieleza mara nyingi wasiwasi usio wa dini kuhusu chanjo.

Hapa hatukubaliani na jaji, japo tunaelewa alikotoka. Ukimya ni ushahidi dhaifu wa moyo. Watu huzungumza na marafiki kwa simu kuhusu takwimu, habari na siasa. Wachache huandika kuhusu sala zao. Ukimya huo unatosha kumtia mtu shaka, na pengine juri ingeona vivyo hivyo. Lakini anayepaswa kupima kama mtu anasema kweli ni yule anayemtazama akihojiwa kizimbani. Kulimaliza swali la dhamiri kwa kusoma simu ya mtu kunafungua njia mbaya kwa waumini wa dini zote, na zaidi kwa walio wachache, ambao ndio wenye tabia ya kuficha imani yao kazini.

Kwenye mzigo mambo ni tofauti, na chuo kina hoja nzuri zaidi. Tangu kesi ya shirika la ndege la TWA mwaka 1977, mwajiri alishinda akionyesha gharama yoyote inayozidi kiasi kidogo tu. Tarehe 29 Juni 2023, katika kesi ya Groff, mtumishi wa posta aliyekataa kufanya kazi Jumapili, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walipandisha kipimo: lazima gharama iwe kubwa ikilinganishwa na shughuli za mwajiri husika. Chuki ya wenzake dhidi ya dini ya mtu haihesabiwi kuwa mzigo.

Kocha mkuu anafanya nini hasa? Anasafiri na kikosi cha watu zaidi ya mia kwa ndege ya kukodi, anakaa nao hotelini, anaingia chumba cha kubadilishia nguo, anaendesha vikao vya video katika vyumba vilivyofungwa, na nje ya msimu anaingia nyumba za wazazi kusajili vijana. Ni kazi ya uso kwa uso kwa asili yake. Kanuni za 2021 za Pac-12, ligi ambayo chuo hicho kilicheza wakati huo, zilisema timu isiyoweza kucheza kwa sababu ya maambukizi inapoteza mechi. Chuo kilikuwa na kumbukumbu chungu: Novemba 2020 mechi dhidi ya mahasimu wao wa Chuo Kikuu cha Washington ilifutwa kwa sababu Pullman haikufikisha wachezaji 53 wenye ufadhili, idadi ya chini iliyotakiwa.

Mtetezi wa kocha atajibu kwamba mwaka huo wa 2020 makocha wote wa nchi walifundisha bila chanjo, kwa barakoa na vipimo, na kwamba kufikia Julai 2021 mamlaka za afya zilikuwa zimerudisha ushauri wa barakoa ndani ya nyumba hata kwa waliochanjwa, kwa kuwa kirusi cha Delta kilipita pia kupitia kwao. Hoja hiyo ina nguvu. Kwanini vipimo vilivyotosha mwaka mmoja visitoshe mwaka uliofuata? Jibu la haki ni kwamba havikutosha sana: msimu wa 2020 timu ilicheza mechi nne tu. Na mwajiri hupimwa kwa alichokijua wakati ule. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa Tisa, ile ya shirikisho inayosimamia majimbo ya magharibi, ilikubali hoja ya namna hiyo kwa kikosi cha zimamoto cha kaunti ya Snohomish, jimbo hilohilo na amri hiyohiyo.

Lakini jaji, alipoamua kwamba mzigo kwa chuo umepita kiasi, alihesabu pia madhara kwa sifa ya chuo, usajili na ahadi za wafadhili. Gharama za safari na hatari ya maambukizi, sawa. Hasira ya mfadhili si sawa. Baada ya Groff, kama chuki ya wafanyakazi wenzake haihesabiwi, ni vigumu kuona kwanini chuki ya tajiri anayekichangia chuo ihesabiwe, hasa pale isipotenganishwa chuki dhidi ya kukataa chanjo na chuki dhidi ya imani.

Kwamba kazi yenyewe ndiyo inayoamua kunaonekana ukilinganisha na kesi nyingine. Juri ya Tennessee mwaka 2024 ilimpa karibu dola 700,000 mfanyakazi wa kampuni ya bima ya afya aliyefukuzwa kwa kukataa chanjo kwa sababu ya dini, ingawa alikuwa akifanyia kazi nyumbani. Mzigo gani hapo?

Mwanafunzi mwanamichezo yuko njia nyingine. Si mwajiriwa, hivyo Sehemu ya VII haimgusi. Anategemea Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, na hayo hukibana chuo cha umma tu. Chuo Kikuu cha Western Michigan kiliwataka wanamichezo wachanjwe kufikia 31 Agosti 2021, bila kuwataka wanafunzi wengine. Wanamichezo 16 waliomba msamaha wa dini. Walipuuzwa au walikataliwa. Oktoba 2021 mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa Sita iliwaunga mkono kwa muda. Kosa la chuo lilikuwa la uandishi wa sera: kiliandika kwamba kitaangalia maombi moja moja, na mahakama ikaona kwamba mlango wa hiari ukishakuwepo, kuwafungia waumini kunahitaji sababu nzito mno.

Kwa anayeandika ombi la namna hii, barua inayosimama hutaja imani yenyewe kwa maneno yake, inaonyesha inavyoligusa tendo la kuchanjwa, na inapendekeza njia mbadala. Inayoanguka ni ile iliyonakiliwa mtandaoni, au yenye mstari mmoja wa dini na kurasa tatu za madhara ya dawa. Mwajiri naye huanguka anapoandika "haiwezekani" bila hesabu. Anatakiwa aonyeshe ni wangapi hawajachanjwa, vyumba vingapi vya ziada hotelini na kwa bei gani, ni vikao vipi haviwezi kufanywa kwa video. Na anayepima imani asiwe bosi anayemjua mwombaji. Kuficha majina hatua ya kwanza kisha kuiachia idara ihoji imani hatua ya pili ni kubomoa ulichojenga.

Rolovich alikata rufaa. Hukumu dhidi yake ilijengwa juu ya nguzo mbili, na mojawapo ingetosha kuibeba. Ikibebwa na ile ya mzigo peke yake, kwa ndege, vyumba na wachezaji 53, kocha atakuwa ameshindwa bila mtu yeyote kuhitaji kusoma simu yake kujua kama anasali.